Mwalimu wa Bugarama aliyekamatwa kwa sababu ya mwanga

Saa tatu asubuhi jua limeshapanda juu ya mashamba ya mpunga ya Bugarama, kusini-magharibi mwa Rwanda, lakini ndani ya darasa la tano bado kuna giza kama la pangoni. Mwalimu Védastine anaandika ubaoni, uso wake karibu uguse chaki. Anasoma kwa sauti alichoandika, kisha anakirudia kwa ajili ya wale wa nyuma wasioona kitu.

Wanafunzi ni sabini na wanne. Vitabu ni tisa. Sauti imeanza kukauka, na siku ndiyo kwanza inaanza.

"Jioni sina tena sauti ya kumuitika muntu nyumbani," anasema. "Bwana yangu amezoea. Ananisemesha na mikono."

Jengo hili halikujengwa kwa ajili ya watoto. Shule ya zamani iling'olewa mabati na milango mwaka 1994, na wanafunzi wakahamishiwa katika ghala la mpunga. Ghala halihitaji mwanga. Lina madirisha mawili madogo, yote upande wa magharibi, kuelekea mto Rusizi na Kongo. Asubuhi, jua likiwa mashariki, hugonga ukuta usio na tundu.

Védastine ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa Uvira, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, na huko ndiko alikosomea ualimu. Mwaka 1995 alirudi katika nchi ambayo hakuwahi kuiona, akiwa na watoto watatu na kioo kirefu cha kabati la marehemu mama yake, amekizungushia kitenge. Kabati lenyewe lilibaki.

Oktoba mwaka jana, 1998, somo lilikuwa mwanga na vivuli. Aliwauliza wanafunzi kivuli ni nini. Drocella, msichana wa benchi la mwisho, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kivuli ni sisi hapa."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka.

Kesho yake alikuja na kioo. Alikifunga kwenye nguzo ya mkaratusi uani, mbele ya madirisha, kikitazama mashariki na kuelekezwa juu kidogo. Jua lilipita juu ya paa, likapiga kioo, likarudi na kuingia dirishani hadi ubaoni. Watoto walipiga kelele utadhani wamefunga goli. Drocella alisimama akasoma mstari wote kutoka nyuma, bila kusaidiwa.

"Niliwaambia: mwanga ikigonga kioo, inarudi. Sasa mumeiona, sitaandika hiyo tena," anakumbuka.

Kwa kuwa jua halitulii, kila baada ya nusu saa ilimbidi atoke nje kukigeuza kioo, na kikigeuzwa mwanga uliruka juu ya paa kabla ya kurudi dirishani. Alifanya hivyo siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili walikuja askari wawili wa kituo kilichoko kilimani, mashariki ya shule. Ng'ambo ya mto vita vilikuwa na miezi miwili, na kila mtu alimwangalia jirani yake mara mbili. Walisema kuna mtu shuleni anayepeleka ishara Kongo kwa kioo. Walipomuuliza mkuu wa shule, Wenceslas, kama anamfahamu vizuri mwalimu huyu, alibabaika.

"Ni mwalimu mzuri," akasema. "Ametoka huko, lakini ni mzuri."

"Ile neno 'huko' ilinimaliza," asema Védastine. Alipandishwa kilima kwa miguu, chaki bado i mkononi, askari mmoja amebeba kioo nyuma yake.

Alikaa kituoni siku mbili, katika chumba cha kuhifadhia kuni. Hakupigwa. Lakini alijua watu walioitwa kujibu maswali machache wasirudi kwao, na kila mlango ulipolia aliwataja watoto wake moyoni, mmoja mmoja.

Siku ya tatu aliitwa mbele ya luteni.

"Nani alikuwa anapokea ishara zako?"

"Mon lieutenant, ile mwanga, nani aliiona?"

"Askari wangu. Kutoka hapa."

"Basi ilikuja hapa. Mwanga inaendaka moja kwa moja, haijuake kukata kona. Kama nyinyi muliiona, ni kwenu ilikuwa inakuja. Kongo iko ku mugongo ya kioo."

Luteni alisimama akatoka nje. Kisha akaagiza kioo kisimamishwe uani kama kilivyokuwa shuleni, na askari mmoja aende nyuma yake kutazama. Askari akajibu kwamba haoni kitu ila mbao za mgongo wa kioo. Wakati huo luteni mwenyewe, aliyesimama mbele, alikuwa amefunika macho kwa kofia.

Akamwambia aende. Mwalimu akaomba kioo chake. Akaambiwa kioo kinabaki.

Asubuhi iliyofuata alikuta wanafunzi thelathini na mmoja tu. Wazazi walikuwa wamewaficha wengine. Ilifika Januari ndipo mabenchi yakajaa tena. Wenceslas alimjia siku ile ile aliyorudi.

"Maman, niliogopa. Nina watoto sita."

"Na mimi niko na batatu," akamjibu. Hawajalizungumzia tena jambo hilo. Saa nne hunywa uji pamoja, kama zamani.

Kioo hakijarudi. Mwanamke anayewauzia askari ndizi amemwambia kwamba luteni hunyoa ndevu mbele ya kioo hicho.

"Mama yangu alikuwa anafungiaka kitambaa ya kichwa mbele ya ile kioo," anasema.

Sasa ana mpango mwingine. Katika mji wa Kamembe ameona mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mavuno ya Juni yakiisha, atauza magunia mawili ya mpunga wa shamba lake anunue mabati hayo mawili. Harerimana, baba yake Drocella, kibarua wa kiwanda cha saruji, ameahidi kupanda juu ya paa wakati wa likizo na kuyafunga bila malipo.

Haogopi kwamba watamjia tena?

"Ninaogopa kila siku," anasema. "Lakini hii mwanga itatoka juu, ianguke chini. Hakuna muntu ataniuliza inaenda wapi."