Nilivyomshtaki Ambokile kwa Kuniangushia Intaneti

Juma lililopita nilikaribia kumfungisha jela jirani yangu. Ambokile hutengeneza simu na kompyuta hapa Tukuyu. Mimi huandikia gazeti nikiwa nyumbani. Kila nilipotaka kutuma habari, intaneti ililemewa ikakatika. Nikakagua ruta, nikaona simu nyingi za Mbeya, Morogoro na Dar zikiingia kwenye laini yangu ya intaneti kwa wakati mmoja. Uhalifu huo niliwahi kuuandikia: mtu huelekeza vifaa vingi kwenye laini moja mpaka izidiwe. Mtaani kwetu nani angeweza, kama si Ambokile?

Nikampeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ambokile akanigeukia.

"Kaka, nikiitwa mhalifu wa mtandao, nani ataniachia simu yake tena?"

"Hayo utawaeleza polisi," nikamjibu.

Balozi alipoanza kupiga simu kituo cha polisi, simu yangu nayo ikaita. Alikuwa shangazi yangu wa Dar. Simu yangu imeharibika, husikika kwa spika tu, hivyo wote walimsikia.

"Mwanangu, ile kamera ya intaneti uliyofunga zizini kwako imekwama tena. Ukoo mzima tumeifungua tangu asubuhi, tunamsubiri ng'ombe azae. Si wewe uliyetuandikia kwenye kundi tusibanduke?"

Ambokile akashusha pumzi, akakaa. Nilitafuta pa kutazama, nikapakosa. Kituoni walikuwa wameshapokea. Balozi akaninyooshea simu yake.

"Haya, mwandishi. Waeleze mwenyewe nani anakushambulia."