Vifungo vya Pazia

Mimi ni fundi cherehani, na pazia linalotutenga wanawake na wanaume kwenye nyumba yetu ya ibada nililishona mwenyewe. Ubishi ninao, lakini wazee walipotaka jipya, zito zaidi, niliipokea kazi kimya kimya hata mume wangu akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mama yangu masikio yamechoka. Anasikia kwa macho: akiuona mdomo wako, amekuelewa. Mhubiri wetu ni kitindamimba wake, na mama hajawahi kumwona akihubiri. Wenzake wakiitikia "Amina," naye huitikia, mradi asiachwe nyuma.

Basi nikakata dirisha katikati ya pazia, pale anapokaa mama, nikalifunika kwa kitambaa hicho hicho, nikatia vifungo. Upande wetu.

Siku ya ibada mama akafungua kimoja, cha pili, cha tatu. Mdogo wangu akaliona jicho la mama yake, akakwama. Kisha akaendelea taratibu, akitamka kila neno kwa mdomo wazi, kama anayemlisha mgonjwa kwa kijiko.

"Kumbe anarusha mikono kama marehemu baba yake!" mama akaninong'oneza, na ukumbi mzima ukasikia.

Mwenyekiti wa wazee akanijia juu: mambo haya tangu lini? Nikamnyooshea sindano na uzi, alizibe dirisha mwenyewe mbele ya mama. Akaondoka.

Kesho yake mkewe akapiga hodi dukani kwangu, kafumba ngumi. Akaifumbua: kifungo.

"Mwanangu, pale ninapokaa mimi hukuweka."