Mguu Kwenye Breki

Kabla kiharusi hakijamshika upande wa kushoto, mtaa mzima ulimjua kwa jina moja tu: Fundi. Pikipiki iliyoshindikana kwingine ililetwa uani kwake, naye aliisikiliza kwanza, kichwa ameinamisha, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha maradhi yakamkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Mkewe akajifunza kuendesha ile pikipiki yake, akawa anasambaza mikate madukani. Haikupita muda, watu wakaacha kusema "kwa Fundi." Wakasema "kwa Mama Mikate."

Hilo Fundi hakumwambia mtu, ila lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili moja mchana mkewe aliegesha pikipiki uani, akafungua kifuniko cha kushoto cha injini. Siku hizo cheni ilikuwa ikiruka kila akipanda mlima. Sproketi ya mbele, ile ndogo inayovuta cheni, ilikuwa imelika hadi meno yamechongoka na kupinda kama kucha za kuku.

"Nilikuwa nakusikia tangu kwenye kona," Fundi alisema. Maneno yalimtoka yamelegea upande mmoja. "Krrk, krrk. Unaniaibisha."

"Ndiyo maana nimeleta mpya. Nielekeze, baba watoto."

Akamwelekeza, tena vizuri. Weka kwanza kifuniko na skrubu zake pamoja. Kwangua grisi na tope. Usilegeze cheni kabla ya bolti za sproketi, utakuja kuhangaika. Kwa kitambo sauti yake ikawa ile ya zamani, na mkewe, magoti kwenye vumbi, akajikuta anatabasamu. Akamsogeza na kiti chake upande wa kulia wa pikipiki, ili ule mguu mzima ukanyage breki ya nyuma, gurudumu lisizunguke.

"Niingize na gia, isaidie kushika?"

"Ya nini? Mguu wangu hautoshi?"

Akaiacha. Bolti zilikuwa zimeganda. Akatia spana, akaiegemea kwa uzito wake wote, na hapo gurudumu likaachia. Spana ikazunguka, vifundo vya vidole vikajibamiza kwenye chuma cha injini, ngozi ikabaki huko.

Hakulia. Aliyameza maumivu, akachungulia upande wa pili akidhani mgonjwa amechoka, mguu umeteleza. Haukuteleza. Ulikuwa umewekwa chini kando ya breki, umetulia ndani ya ndala.

"Umeuondoa," alisema.

"Si unajua kila kitu siku hizi."

"Mimi nakuosha, mume wangu. Nakulisha."

"Nani alikutuma?"

Mkewe akainuka. Akafunga vidole kwa kitambaa, akaingiza gia, akapitisha ubao katikati ya spoku za gurudumu la nyuma. Bolti zikalegea. Akalegeza nati ya gurudumu la nyuma, akalisukuma mbele, cheni ikapwaya, akachomoa sproketi kuukuu, akavika mpya, akarudisha kila kitu na kukaza. Alipowasha na kuijaribu, cheni ilizunguka kimya.

"Kaza tena nati ya nyuma," Fundi alisema.

Huenda ilikuwa nasaha ya kweli. Aliikagua, akaikuta imekaza. Lakini tangu siku hiyo kila alichoambiwa na mumewe alikikagua, hata akisema mlango umefungwa.

Sproketi hiyo nayo ilipochakaa, aliipeleka pikipiki gereji ya njia panda, kwa kijana aliyefundishwa kazi na Fundi mwenyewe.

"Mwalimu hajambo, mama? Mbona hii mngeimaliza nyumbani? Hakuna anayeelekeza kama yule."

"Hajambo. Ila maradhi yamemzidi, hawezi hata kukanyaga breki."

Kijana alisikitika sana, akasema jioni atapita kumjulia hali. Mama Mikate alimwambia asijisumbue.