Trei Ambayo Haikuletwa

Sumie hakuwahi kuwa na ulimi wa biashara. Miaka yote aliyouza samaki na mumewe Yasuzo pale Noshiro, mji wa bandari wenye baridi ya kukata maini huko kaskazini mwa Japani, aliwafukuza wateja kwa ukweli tu. "Huyo ni wa jana," angemwambia mama wa watu aliyekwisha kufungua pochi. "Chukua huyu, au rudi kesho." Yasuzo, mtu wa maneno matamu, angekuja mbio akicheka: "Msamehe mke wangu, mdomo wake hauna breki!" Wakishafunga duka waligombana, kisha wakanywa chai.

Kwa hiyo ndugu walipomtwisha uongo wa kusema, walimtwisha mtu asiyeuweza hata kidogo.

Daktari aliwaita wanafamilia pembeni, kama ilivyokuwa desturi siku zile. Yasuzo alikuwa na saratani ya tumbo. Mwenyewe aliambiwa ni kidonda tu, kitakatwa na yataisha. Toyoji, kaka mkubwa wa Yasuzo, alimkazia macho Sumie.

"Shemeji, nakujua. Safari hii funga mdomo. Ukimwambia, utakuwa umemuua wewe, si ugonjwa."

Sumie akaapa. Alijipa moyo kwamba ugonjwa ukishakatwa wote, uongo ule utakufa wenyewe na hakuna atakayeuulizia.

Wodini, kitanda cha jirani, alilala mzee Kudo, ambaye alikwisha kupasuliwa na sasa alijiona profesa. "Mimi niliingia asubuhi, nikatoka jioni," alimwambia Yasuzo kwa majivuno. "Wakikukawiza, shukuru. Wakikurudisha upesi, ujue wamefungua, wakatazama, wakashona. Na mkeo ataletewa mfuko wa tumbo lako kwenye trei auone. Wangu nusura azimie!"

Hilo la trei lilikuwa kweli. Madaktari wa huko, wakishatoa kitu mwilini, waliwaonyesha ndugu wa mgonjwa.

"Utalikagua vizuri, mama Reiko," Yasuzo alimtania mkewe walipokuja kumchukua. "Umepasua matumbo ya samaki maisha yako yote."

"Likiwa bovu nitakwambia," Sumie akajibu, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

Akakaa kwenye korido na Toyoji. Aliiogopa ile trei, lakini aliitaka. Aliapa moyoni kwamba hatageuza uso, hata iwe inatisha namna gani. Chai ya Toyoji ilikuwa bado ya moto mlango ulipofunguliwa, na daktari akatoka mikono mitupu.

"Umeenea," alisema akiinama. "Umefika kwenye ini na kwingineko. Hatukuweza kutoa kitu. Tumemshona."

Sumie aliendelea kuitazama mikono ile. "Sasa mmempasulia nini?" akafoka. Daktari akazidi kuinama. Toyoji, yule yule aliyemwamuru Sumie afunge mdomo, alikuwa analia kwa kwikwi mpaka wauguzi wakageuka.

Yasuzo alipozinduka, jicho lake la kwanza lilikwenda dirishani. Jua la asubuhi lilikuwa bado juu ya shuka lake. Chakula cha mchana kilikuwa hakijaletwa. Ndipo akamgeukia mkewe.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Likoje?"

"Dogo kuliko nilivyofikiria." Sumie akanyoosha shuka. "Kidonda kilikuwa katikati. Wametoa... wametoa chote."

Aliyasema hayo akilitazama shuka. Yasuzo alimwangalia usoni. Sumie aliomba amcheke, amwite mwongo mbele ya wodi nzima, ili kiapo kivunjike na wao wawili walie pamoja. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

"Vipi, jirani?" mzee Kudo aliita kutoka kitandani kwake. "Mbona upesi hivyo?"

"Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo," Yasuzo akajibu, sauti imemkauka. "Wamekitoa. Mke wangu amekiona kwa macho yake."

"Ahaa! Basi hongera," akasema Kudo, akageukia ukutani.

Chini ya blanketi, Yasuzo aliutafuta mkono wa mkewe akaushika.

"Mama Reiko."

"Nipo."

"Yule jamaa wa mnada wa samaki mwenye jino la dhahabu anaiba kwenye mizani. Na ukienda peke yako atakuibia zaidi. Mwangalie sana."

Sumie aliubana mkono wake. "Si utakuja kumkomesha mwenyewe?"

Yasuzo akafumba macho.

"Ndiyo," alisema. "Nitakuja mwenyewe."