Ndege Wote Walikuja Kwangu

Mwaka wa 2007 mahindi yangu yalikauka yakiwa yametoa maua tu. Nilikata mabua nikampa ng'ombe, naye akayala kama ananifanyia hisani. Mvua ya siku hizi si ile niliyoikuta nilipoolewa Rongai. Ile ulikuwa unapanda Machi unaendelea na mambo yako. Hii inalowesha vumbi, halafu inaenda zake wiki tatu. Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini mahindi yanayokauka naweza kuyasoma.

Kwa hivyo mwaka uliofuata, ule wa baada ya fujo za uchaguzi, wakati hata bei ya mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki, nikaamua nusu ya shamba nipande mtama. Mwanangu alikuwa amekosa kazi na mke wake alikuwa ananyonyesha. Nyumba nzima ilikuwa inangoja kitakachotoka pale. Kikikosa, hatuna kingine.

Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na ua tu, alinikuta nikipanda. Akashika kiuno.

"Mama, umeanza kufuga kuku?"

"Kuku gani?"

"Sasa huo mtama ni wa nani? Hicho kilikuwa chakula cha nyanya zetu."

"Na mimi ni nyanya. Toka hapo, unakanyaga mbegu."

Mvua ilikatika Juni. Mahindi ya jirani yakaanza kukunja majani. Mtama wangu ukasimama tu. Siwezi kudanganya, nilitembea barabarani nimeinua kidevu.

Kumbe nilikuwa nimekosea. Nilikuwa nimewaza mvua, nimewaza samadi, lakini ndege sikuwawaza. Punje zilipojaa maziwa, nilitoka asubuhi kukamua ng'ombe nikasikia kelele kama ya soko. Ndege wadogo wa kahawia, hawahesabiki. Mashamba yote ya huku yalikuwa na mahindi. Mtama ulikuwa kwangu peke yangu, basi ndege wote wa Rongai wakaja kwangu.

Nikachukua debe na fimbo nikaingia shambani, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Nikigonga juu, wanahamia chini karibu na ua. Nikishuka chini, wako juu. Mke wa mwanangu akaja na mtoto mgongoni, anagonga sufuria. Nikamfukuza arudi nyumbani, mtoto alikuwa analia hata kuwashinda ndege. Siku ya tatu mkono haukuinuka, na masuke ya upande wa chini mengi yalikuwa makapi. Jioni hiyo nilikaa chini kati ya mistari nikaona njaa ya nyumba yangu waziwazi.

Siku ya nne nikasikia debe likigongwa huko chini, na langu lilikuwa limetulia mkononi. Nikashuka. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya shamba langu, anatoa maharagwe kwenye maganda, na kila akijaza kiganja anagonga debe.

"Nani amekuita?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mahindi yangu hayana hata cha kuwatia ndege hamu. Nimeona nije huku kwenye watu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

"Utanipa mbegu lakini?"

"Gonga kwanza."

Tulikaa hivyo wiki mbili, yeye chini, mimi juu, tukipigiana kelele kuhusu watu wa kanisani. Ndege wakachoka kabla yetu. Mavuno hayakuwa yale niliyokuwa nimeota, lakini yalitosha kutufikisha msimu mwingine. Siku ya kwanza mwanangu alitazama ule ugali akasema ni mweusi. Nikamwambia aende akale mahindi ya jirani. Alimaliza sahani.

Halafu wanawake wakaanza kuja kuomba mbegu, hata wale walionicheka nilipopanda. Nikakataa kumpa mtu mmoja mmoja. Nikasema nitawapa wote siku moja, nao watapanda wote wiki ileile, kutoka kwangu hadi barabara ya lami.

"Masharti ya nini, mama?" mmoja akaniuliza. "Si kila mtu ana shamba lake?"

Jirani akamjibu kabla yangu. "Wewe panda peke yako, ndege wote waje kwako, halafu uniite nikusaidie kugonga debe. Sitakuja."

Walinung'unika mpaka kwenye lango. Lakini siku niliyosema walikuja wote, kila mmoja na kitambaa chake cha kufungia mbegu.