Spika za Mpwa Wangu Zimemhamisha Mke Wangu

Wasomaji wenzangu, niwieni radhi kwa kimya changu kirefu tangu mlipomwombea dua mke wangu alipopatwa na kiharusi. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi karibu na Ukunda. Jina langu lifichwe, kwa maana ninayemlalamikia ni damu yangu.

Mtoto wa dada yangu hutengeneza na kukodisha spika za harusi. Kwetu sisi Wadigo, mpwa ana haki katika ardhi ya mjomba wake. Nilimkatia sehemu ya kiwanja kwa moyo mweupe, naye akajenga kibanda mkabala na dirisha la chumba chetu. Kila alasiri huijaribu mitambo yake mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Daktari alisema mgonjwa apate utulivu, la sivyo presha itamrudisha hospitalini.

Nilimwomba azielekeze spika shambani, atundike magodoro ukutani, apunguze sauti.

"Mjomba, mteja anataka besi aisikie kifuani," akacheka. "Mbona harusi ya binti yako ulicheza mpaka kofia ikaanguka?"

Alitii siku chache, kisha akasahau.

Nikawaendea majirani ili tupeleke malalamiko katika ofisi ya mazingira ya kaunti. Wanaumwa vichwa, watoto wao hawasomi, lakini yeye huwaazima spika bure katika kila harusi na hitima. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, zikichukuliwa, maulidi tutapiga sufuria?"

Dada yangu hakutania. "Ukimpeleka mwanangu serikalini, usikanyage tena mlangoni kwangu."

Wiki iliyopita mke wangu alifunga nguo zake akaenda kwa ndugu zake Majoreni. Nilipompigia simu, muziki ulikuwa umeshaanza.

"Sikusikii, mume wangu," akasema. "Siku nitakayokusikia, nitarudi." Akakata.

Tangu hapo siwezi kutulia. Naingia chumbani, natoka. Nachukua kitabu, nakiweka. Hata kibanda kinaponyamaza, nakaa nikingoja kianze.

Nimshtaki mpwa wangu nimpoteze dada, au ninyamaze nimpoteze mke? Enyi mliopitia haya, nishaurini. Nikishaamua nitawaandikia, nanyi mtajua kama waraka huo nimeuandika mke wangu akiwa ubavuni pangu, au nimebaki na spika.