Kuku Mwenye Uzi Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hadubini. Nilipewa ufagio. Karani wa zahanati pale Ibadakuli aliisoma barua yangu ya shule mara mbili, akanitazama tumbo, kisha akasema, "Maabara ni chumba cha nyuma. Fagia kwanza." Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina mimba ya miezi minne, na mume wangu alikuwa akichimba dhahabu mgodini huko Geita. Nikafagia. Ninyi wasichana mnaokwenda kuanza kazi hizi, fagieni tu, hakuna aibu. Lakini msifunge midomo. Mimi niliufunga wangu siku moja, na hasira yake haijapoa hadi leo.

Ibadakuli nilifundishwa kutoboa kidole cha mgonjwa, kupaka tone la damu kwenye kioo, kulikausha, kulitia rangi ya zambarau, kisha kuhesabu vijidudu vya malaria kimoja kimoja. Mkubwa wangu, Msaidizi wa Maabara, alikuwa mtu wa Tabora asiyejua kusifu. "Umehesabu kumi na moja. Mimi nimeona kumi na mbili. Rudia." Nilirudia mpaka macho yakauma. Namshukuru.

Baada ya kumzaa Kabula nilihamishiwa hospitali ya mgodi mmoja upande wa Geita, chini ya Bwana Mkemia, mzungu mrefu ambaye malaria ilimtetemesha yeye mwenyewe kila masika. Pale vidonge vya njano vya malaria vilikuwa vya wachimbaji. Wake na watoto walipewa vikibaki, na havikubaki. Bwana Mkemia alikuwa amesikia kwamba Wasukuma huchemsha magome ya mlungulungu, ule mti wenye miiba minene shinani, kutibu homa. "Tukithibitisha kwamba yanafaa," aliniambia, "nitaomba dawa hii itengenezwe hapa hapa, wapewe wote." Siku hiyo nilimheshimu kwa moyo wote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Magome yalitwangwa, yakalowekwa kwenye spiriti, yakachujwa, kisha spiriti ikaachwa ivukize hadi ubaki uji wa kahawia mchungu kama nyongo. Huo ndio tuliouita dondoo. Binadamu hapewi kitu kisichojulikana kipimo chake, kwa hiyo tulianza na vifaranga, ambao wana malaria yao ya kuku. Tuliwaambukiza wote. Waliofungwa uzi wa bluu mguuni walipewa dondoo kila asubuhi. Wa uzi mwekundu walipewa maji matupu. Bila hao wekundu huwezi kujua kama wa bluu wameponywa na dawa au wamepona wenyewe.

Mlishaji wa vifaranga alikuwa Mayu Shija, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, mjane wa kijiji cha jirani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Bwana Mkemia akaniagiza, "Mwambie alishe na afagie banda."

"Nimweleze kwa nini wekundu hawapewi dawa?"

"Si kazi yake kujua hayo. Tuna haraka."

Basi nikamwambia alishe na afagie. Mayu Shija akaniuliza kwa Kisukuma, "Hawa wa uzi mwekundu wamekosa nini?" Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Nikamjibu, "Bwana anataka hivyo, mayu."

Siku ya nane tukasoma vioo. Damu ya wekundu ilipaswa kujaa vijidudu. Haikujaa. Wa bluu wachache, wekundu wachache. Bwana Mkemia alihesabu upya mwenyewe, akavua miwani. "Hakuna tofauti. Vijidudu vyenyewe vilikuwa dhaifu, na magome hayana kitu." Akaandika hivyo, ripoti ikaondoka na posta, na ruhusa ya kuyapima magome ikaishia hapo.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Kabula akawaka homa. Nilipanga foleni kwenye dirisha la dawa na mtoto mgongoni. Dresa, yule mgawaji dawa, hakuinua hata kichwa. "Vimekwisha, mama. Rudi Jumatatu."

"Homa nayo nimwambie irudi Jumatatu?"

"Mama Kabula, usinigombeze, sivitengenezi mimi."

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Mayu Shija mlangoni na chungu. "Mpe mwanao haya magome. Wale vifaranga niliwapa wote, si umeona hawakufa?"

"Wote? Hata wekundu?"

"Kila ulipomaliza kuwapa wa bluu, dawa ilibaki chupani. Nikawapa wenzao. Wewe Mama Kabula, watoto wawili wakiumwa, mmoja unampa dawa na mwenzake unampa maji? Mliosoma mna roho gani?"

Chungu sikukitumia, kipimo cha kifaranga nilikijua, cha mtoto sikukijua. Nilimfunga Kabula mgongoni nikakimbia hadi kwa Bwana Mkemia. Nilimkuta kitandani, anatetemeka chini ya mablanketi. Nikamweleza yote: wekundu nao walipewa dawa, kwa hiyo huenda magome yanafaa.

"Ripoti imekwenda," akasema.

"Andika nyingine!"

"Niandike nini? Kwamba mlisha kuku ameniharibia jaribio?"

"Andika kwamba hakuna aliyemweleza. Wewe ulikataa, na mimi nikacheka."

Akavuta kopo lake mwenyewe, akanihesabia vidonge vya njano, akanionyesha namna ya kuvikata kwa umri wa Kabula. Mtoto alipona. Kwa hilo namwombea heri mpaka leo. Ila ripoti nyingine hakuandika. Nilipozidi kuidai, Mganga Mkuu wa hospitali akaniambia mdomo wangu ni mkubwa kuliko cheo changu, na kwa kuwa nina mimba ya pili, nipumzike. Ndivyo nilivyostaafu, sijafika hata thelathini.

Vifaranga waliobaki walikuwa wa kuchinjwa. Niliomba mmoja mwekundu. Sasa ni kuku mkubwa, ameshatotoa mara mbili. Mayu Shija akija kunijulia hali humnyooshea kidole: "Si huyo hapo? Unataka ushahidi gani tena?"

"Huenda angepona mwenyewe, mayu."

"Basi mngenieleza!"

Maelezo yale yalikuwa ya dakika tano. Masika yameingia tena. Kuku anachakura uani, Kabula anamfukuza, na pale dirishani kina mama wenye watoto mgongoni bado wanaambiwa warudi Jumatatu.